Siku 12 Kusini: chagueni mto mmoja mkae

Swali: Mimi ni mwalimu, naishi Mbeya. Ruaha nimefika mara mbili na wanafunzi, na Mikumi nimepita kwa basi mara nyingi. Dada yangu yuko Lusaka na ametualika Septemba hii, mimi, mume wangu na binti yetu wa miaka 13. Tuna siku 12. Dada anataka tuzunguke kote: Luangwa, Maporomoko ya Victoria, Chobe, Okavango, na ikiwezekana tufike hadi Kruger. Je, huko kuna kitu ambacho Ruaha hakuna? Na hayo matembezi ya miguu porini, ni salama kweli kwenda na mtoto?

Jibu: Mwalimu, habari za Mbeya. Nianze na hilo la kuzunguka, maana ndilo litakaloiharibu safari yenu au kuiokoa.

Dada yako ana nia njema, lakini ramani imemdanganya. Lusaka hadi Livingstone, kwenye maporomoko, ni karibu kilomita 470, siku nzima ndani ya basi. Lusaka hadi Chipata ni karibu kilomita 570, na kutoka Chipata bado mna zaidi ya kilomita 100 kufika Mfuwe, mlango wa hifadhi ya Luangwa Kusini, huko huko Zambia. Okavango, Botswana, kambi nyingi hazifikiki kwa gari. Mnapanda ndege ndogo pale Maun, na nauli yake ni ya kuumiza. Kruger, Afrika Kusini, nayo ina urefu wa kama kilomita 360 kutoka kaskazini hadi kusini, na hata kwenye lami mwendo wa mwisho ni kilomita 50 kwa saa. Mkizijaza zote katika siku 12, mtarudi mnazijua stendi za mabasi kuliko mnavyowajua wanyama.

Nasema hivi kwa kuwa yamenikuta. Nimeongoza wageni katika hifadhi za Ruaha na Nyerere kwa miaka 19, na Kusini nimeshakwenda mara nne kwa fedha yangu, kuangalia wenzetu wanaifanyaje kazi hii. Safari ya kwanza nilipita nchi tatu kwa siku tisa. Niliporudi mama aliniuliza, "Haya, umeona nini?" Nikaanza kutaja majina ya hifadhi. Sikuwa na mnyama hata mmoja niliyekaa naye muda wa kutosha kumsimulia. Safari ya pili nikakaa Luangwa siku sita, mahali pamoja, na mpaka leo naweza kukuchorea kona za ule mto kwa kijiti mchangani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: siku mbili tatu kwa dada Lusaka, kisha Luangwa Kusini usiku tano, kisha nyumbani kwa njia ya Malawi. Mengine yasubiri safari nyingine.

Umeuliza kuna nini huko ambacho Ruaha hakuna. Kuna mto ambao bado unaachwa uwe mto. Wewe wa Mbeya sina haja ya kukueleza sana, bonde la Usangu, Ruaha Mkuu unakopata maji yake, liko mlangoni kwenu. Ruaha Mkuu ulikuwa ukitiririka mwaka mzima. Kiangazi cha 1993 ukakatika kwa mara ya kwanza, baada ya maji mengi kuchepushwa huko juu kwenda mashambani, na tangu hapo umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi. Nimesimama darajani Ibuguziwa mwezi wa kumi na moja nikiwatazama viboko waliobanana kwenye tope zito kama uji, migongo imepasuka kwa jua, mamba wamelala katikati yao kwa kukosa pengine pa kwenda. Wageni hupiga picha. Mimi huwa nageuza uso, kwa sababu naujua mto huo ulivyokuwa.

Luangwa unaanzia kwenye milima ya Mafinga (Mafinga ya Zambia, jirani na mpaka wa Malawi, si hii yetu ya Iringa) na kwenda kama kilomita 770 hadi kuingia Zambezi. Mto wenyewe haujakingwa na bwawa hata moja. Masika hufura, hula kingo zake, hung'oa miti mikubwa na kuibeba, na mwaka hadi mwaka huhama. Kila unapohama huacha nyuma kipande cha mto wa zamani, kimepinda kama mundu, kikiwa na maji yake. Wenyeji hukiita *wafwa*, uliokufa, na bila shaka umelisikia neno letu "kufa" humo ndani. Septemba mto umepungua, mchanga umetokeza, vidimbwi vidogo vya porini vimekauka, na kila mwenye kiu anateremka kwenye mto au kwenye wafwa. Huhitaji kukimbizana na wanyama kwa gari. Kaeni juu ya ukingo, mnyamaze, watakuja.

Septemba pia ndiyo wakati wa ndege ambao sijawahi kuwazoea. Ukingo wa mto uliokatwa wima na maji ya masika huwa na matundu mamia kwa mamia, kila tundu limechimbwa kwa mdomo na miguu midogo, na ndani yake kuna kiota cha ndege mla nyuki, mwekundu kama pilipili iliyoiva, utosi wa buluu iliyochanganyika na kijani. Nilikaa ng'ambo ya ukingo mmoja asubuhi nzima. Walikuwa wakitoka na kuingia, kelele zao kama maji yanayochemka, wengine wakijigonga majini kuoga kisha wakiruka. Furukombe alipopita chini chini juu ya mto, ukingo wote ulijimwaga hewani mara moja, nao udongo ukabaki mtupu wenye matundu. Baada ya muda mfupi wakarudi, na kila mmoja aliingia tundu lake bila kubahatisha. Nilijaribu kumfuatilia mmoja nione anajuaje. Sikuweza.

Kuhusu wanyama, nisikudanganye kwamba kila kitu ni kigeni. Swala utakayemwona sana pale ni sheshe (puku kwa Kiingereza), na sheshe tunao hata sisi kwenye bonde la Kilombero, ingawa Watanzania wachache wamewahi kumtazama. Kuna twiga wa Thornicroft, ambaye hapatikani popote duniani nje ya bonde la Luangwa, lakini wataalamu wanamweka ukoo mmoja na twiga wetu wa Kimasai. Mtazame kwa utulivu, ni kama ndugu wa baba mmoja aliyehamia mbali. Nyumbu wa Cookson naye ni wa bonde hilo. Chui ni wengi mno, pengine hakuna mahali nilipowaona kwa urahisi kama pale. Duma msiwatarajie. Kifaru pia hamtamwona Luangwa Kusini. Majangili waliwamaliza bondeni kote, na ilipofika 2003 ndipo vifaru weusi waliporudishwa Luangwa Kaskazini, wanakolindwa mpaka leo. Tandala mdogo mliyemwona Ruaha, huko hayupo. Ruaha ni tajiri, Mwalimu, usiende Kusini ukirudi uidharau.

Sasa matembezi. Hapa ndipo ningependa kukaa kidogo, kwa sababu ndilo hasa la kuwapeleka Luangwa.

Mwaka 1950 Chifu Nsefu alitenga sehemu ya ardhi ya watu wake iwe ya wanyama, na kwa kushirikiana na askari wa wanyamapori aliyeitwa Norman Carr wakafungua kambi ya wageni, mapato yakaenda kwa wenye ardhi. Kwa enzi ile, wakati wanyamapori walikuwa wa kupigwa risasi, lilikuwa wazo geni kabisa. Carr huyo ndiye baadaye aliyeanza kuwatembeza wageni kwa miguu, na utaratibu wao umeenea kusini yote. Ruaha matembezi yapo pia, lakini wengi wetu tunaoingia hifadhini na basi la shule hatuyaonji. Tumezoea kwamba mguu hugusa ardhi getini na pale pa kulia chakula tu.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mnatoka saa kumi na mbili asubuhi, watu sita au saba, si zaidi. Mbele anatangulia askari mwenye bunduki, nyuma yake mwongozaji, kisha ninyi kwa mstari mmoja, na mwisho kabisa mtu aliyebeba birika na biskuti, maana katikati ya safari mtakunywa chai. Mwendo ni wa mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Kwa saa tatu mnaweza mkawa mmekwenda kilomita nne.

Asubuhi yangu ya pili, mwongozaji wetu, kijana wa Kikunda, kabila la bondeni humo, alisimama mbele ya unyayo wa tembo. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeziona nyayo za tembo, lakini kutoka juu ya kiti cha Landkruza. Pale nilichuchumaa. Udongo ulikuwa laini kama unga, na ndani ya ule unyayo mlichapika kila ufa wa ngozi, mistari kama ya kiganja cha mzee. Kijana akatoa kamba mfukoni, akaizungusha mara mbili kwenye unyayo wa mguu wa mbele, kisha akainyoosha na kuisimamisha: "Urefu wake hadi begani ni hapa." Kamba ilinipita kichwa kwa mbali. Kisha akanionyesha kitu ambacho nisingekiona peke yangu. Juu ya unyayo ule kulikuwa na vijistari vyembamba vya nukta nukta, vimekatiza kutoka ukingo hadi ukingo. Ni nyayo za wadudu watembeao usiku. "Wadudu wamepita juu yake," akasema, "basi yeye kapita kabla giza halijaingia. Yuko mbali, twende."

Hatukufika mbali. Askari aliinua mkono, kiganja wazi, nasi tukaganda. Mbele yetu palikuwa na kichaka kizito, na ndani yake kulisikika mlio mkavu, kama mtu anayepasua kitambaa kidogo kidogo. Alikuwa ndege, yule tunayemwita askari wa kifaru, anayekaa mgongoni mwa nyati akila kupe. Akilia hivyo, amekuona, na aliyembeba atainua kichwa. Mwongozaji akatoa soksi ndogo iliyojaa jivu, akaitikisa. Jivu likaelea kuja upande wetu, kwa hiyo upepo ulitoka kwao, harufu yetu ilikuwa haijawafikia. Akanyoosha kidole polepole hadi nikaona pembe, kisha pua, kisha mwili: madume watatu wazee wamelala kivulini, tope limewakaukia ubavuni. Nyati wa namna hiyo, waliojitenga na kundi, ndio ninaowaogopa kuliko simba. Mmoja alikuwa akitutazama moja kwa moja. Hakuna aliyesema neno. Askari akaashiria nyuma, tukarudi hatua moja moja, bila kugeuka, mpaka mti mkubwa ukaingia kati yetu na wao, kisha tukazunguka kwa mbali sana. Bunduki haikutoka begani. Baadaye, chini ya mwegea, nilishika kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu usalama. Hatari ipo, na mtu akikuambia haipo usimfuate. Wapo waliokufa porini, wageni na waongozaji. Lakini kinachowarudisha watu kambini ni maamuzi yanayofanywa mapema: kumsikia ndege, kuujua upepo, kukubali kurudi nyuma. Zambia mwongozaji wa gari na mwongozaji wa miguu hawana leseni moja, wa miguu hukalia mtihani wake mwingine. Uliza kambini moja kwa moja: atakayetuongoza ana leseni ya miguu? Askari mwenye silaha atakuwepo kila mara? Tutakuwa watu wangapi? Wakijikanyaga kwenye majibu, badilisha kambi. Na uliza matembezi ni ya saa ngapi, wakuandikie. Mimi niliwahi kulipia kwa wakala mmoja wa mjini matembezi ya siku nzima, nilipofika ikawa ni dakika 40 kuzunguka kambi. Fedha haikurudi.

Kwenu ninyi wenyewe sheria ni chache. Msikimbie hata moyo ukienda mbio, kwa sababu mnyama hufuata kinachokimbia. Msisimame kamwe kati ya kiboko na maji, na kwenye nyasi ndefu za kando ya mto msipite hata mkiombwa. Msiongee mkiwa mnatembea, pigeni mluzi mdogo au mguseni mtu wa mbele. Na simu izimwe kabisa.

Binti wa miaka 13: kambi nyingi za matembezi huanza kupokea mtoto wa miaka 12, kwa hiyo umri unamruhusu. Kilichobaki unakijua wewe mama yake. Je, akiambiwa "simama" husimama palepale, au huuliza kwanza kwa nini? Mtoto wa aina ya pili ana akili nzuri sana darasani, lakini mwache mwaka mwingine. Akiwa wa aina ya kwanza, siku mbili za mwanzo mpelekeni kwa gari, awazoee wanyama, harufu na sauti, ajue umbali. Siku ya tatu atembee. Nimeona watoto wa umri huo wakitembea vizuri kuliko baba zao, macho yao yako chini karibu na ardhi na hawana haraka ya kumpata simba.

Kitu kingine mtakachokikuta Luangwa ni kutembea usiku kwa gari. Kwetu hifadhi nyingi gari hurudi kabla ya giza. Huko mnatoka alasiri, jua linawazamia mkiwa mtoni, kisha mtu mmoja anawasha taa ya mkono na kuipitisha taratibu kushoto na kulia, mkitafuta macho yanayong'aa. Chui tuliyekutana naye usiku mmoja alipita kando ya gari letu lisilo na milango, karibu kiasi cha kusikia pumzi, akaenda zake bila kututazama. Taa isimulike mnyama machoni kwa muda mrefu. Mkiona inafanywa hivyo, ombeni iondolewe, ni haki yenu kusema.

Sasa niseme machache juu ya yale ninayokuambia uyaache, usije ukadhani ni kwa sababu hayana maana.

Chobe nilikaa usiku mbili, pale Kasane, Botswana, Septemba kama hii yenu. Jioni unapanda boti. Ukingo wa Botswana ulianza kutoa vumbi, kisha tembo wakatokea kwenye vumbi, familia baada ya familia, watoto wakishuka mteremko kwa makalio. Walikunywa kwa muda mrefu, mikonga yote imeinama kwa pamoja. Halafu jike mmoja akaingia majini na wengine wakamfuata, wanavuka kwenda kisiwa cha Sedudu, kile ambacho Botswana na Namibia walikipelekea kesi mahakama ya kimataifa hadi kikahukumiwa kuwa cha Botswana mwaka 1999. Mtoto mdogo alizama kichwa kizima, ikabaki ncha ya mkonga ikitafuta hewa kama kidole, na mama yake akawa anaogelea ubavuni pake upande wa mkondo ili maji yasimchukue. Alipokanyaga mchanga ng'ambo, boti nzima tulipumua. Sensa ya 2022 ya eneo la pamoja la Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe ilikadiria tembo karibu 228,000, na zaidi ya nusu yao wako Botswana. Kwa nchi yenye watu wachache namna ile ni mzigo mkubwa juu ya wakulima, na hilo nalo nililisikia kwao, tena kwa uchungu.

Okavango ni ya kwenda ukiwa na fedha na muda. Mvua inanyesha Angola kuanzia mwishoni mwa mwaka, na maji yake yanasafiri polepole miezi mingi, yanafika Maun karibu Juni hadi Agosti, katikati ya kiangazi kikavu, na hayafiki baharini kamwe. Yanaenea mchangani, yanatengeneza visiwa na mafunjo, kisha jua linayanywa. UNESCO iliiingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2014, ikiwa ya 1,000. Pori la Moremi lililo ndani yake lilitengwa mwaka 1963 na Batawana, wenyeji wa pale, wenyewe, wakiongozwa na mke wa marehemu chifu wao, ndipo unapoona kwamba watu wa mahali wakiamua huwa wanaweza. Huko utapanda mokoro, mtumbwi mwembamba unaosukumwa kwa upondo, na utaketi usawa wa maji huku mayungiyungi yakikupita begani. Fedha yao inaitwa *pula*, na pula maana yake ni mvua. Nilipoelezwa hilo dukani, nikiwa nimeshika noti mkononi, nilikumbuka Usangu.

Maporomoko ya Victoria, Mosi-oa-Tunya (moshi unaonguruma, na tazama "mosi" wao na "moshi" wetu), Septemba yamepungua sana upande wa Zambia. Sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu. Ukisafiri siku nzima kwenda kuutazama mwamba utasononeka. Nendeni Juni au Julai ya mwaka mwingine, muunganishe na Chobe, maana daraja la Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, lililofunguliwa 2021 limefuta ile foleni ya pantoni. Kruger nayo ni nzuri kwa familia yenye gari lake, lami nzuri, kambi zenye uzio, na kiingilio cha raia wa SADC kiko chini ya kile cha wageni wa mbali. Lakini kutoka Lusaka ni safari nyingine kabisa.

Njia sasa. Mkitoka Mbeya mtapita Tunduma na Nakonde kwa basi hadi Lusaka. Kwenye ramani mtaona Mpika iko karibu na bonde la Luangwa na mtashawishika kushukia pale. Msithubutu. Barabara ya kuteremka mlima wa Muchinga ni mawe matupu, ni ya gari lenye nguvu na dereva anayeijua. Nendeni Lusaka, kisha Chipata, kisha Mfuwe kwa lami. Kurudi msirudi Lusaka: kutoka Chipata mnavuka mpaka kwenda Lilongwe, mnalala, kesho yake mnapanda kaskazini kupitia Mzuzu na Karonga, na ziwa litakuwa mkono wenu wa kulia kwa muda mrefu. Mkivuka mpaka Kasumulu mko nyumbani, harufu ya ndizi za Tukuyu inawapokea.

Chagueni kambi ya nje ya geti, pale Mfuwe kando ya mto, zipo za bei ya kawaida zenye mahema na jiko la kujipikia. Kwenye vijiji vya Mfuwe mtaona watu wanachoma matofali ya kinyesi cha tembo na pilipili kandokando ya mashamba ili tembo wasisogee. Ni ndugu wa uzio wetu wa pilipili na mafuta machafu. Simameni muongee nao. Kinyanja si kigumu kwenu: njovu ni ndovu, njati ni nyati, na fisi ni fisi. Binti atafurahi kugundua mengine mwenyewe, mpe daftari.

Mavazi yawe rangi ya udongo au majani makavu. Buluu na nyeusi huwavuta mbung'o, na mbung'o wa Luangwa huuma juu ya suruali. Asubuhi ndani ya gari la wazi kuna baridi, mchana ni joto kali, kwa hiyo vaeni nguo juu ya nguo. Dawa ya kuzuia malaria muulizieni daktari kabla hamjaondoka, na kadi za chanjo ya homa ya manjano mziweke pamoja na pasipoti.

Na darubini. Moja kwa watu watatu haitoshi, mtagombana pale pale chui anapopanda mti. Azimeni ya pili hata kwa jirani, na mkanda wa moja wapo uwe shingoni kwa binti tangu mnatoka Chipata, kwa sababu barabara ile ya Mfuwe ina mibuyu, na kwenye mibuyu kuna tai.